Kipindi cha Asubuhi

Ofisi ya elimu ya mkoa, pale Kisumu, ilikaa ikafikiri, ikagundua kwamba haiwezekani walimu wote wawe wazuri. Mwaka wa 1990 kila hedimasta aliwapa walimu wake "Bora Sana", na watoto wakafeli mtihani wa darasa la nane kama kawaida. Mtu mwenye akili zake angeuliza habari za vitabu, au za paa linalovuja, au za madawati ya kukaliwa na watoto watano watano. Ofisi haikujisumbua na hayo. Ilitoa waraka kwamba mwaka unaofuata kila shule itoe angalau mwalimu mmoja "Dhaifu", na huyo Dhaifu ahamishwe akafundishe visiwani, kule ambako unafika Luanda Kotieno kwanza, halafu unaanza kuulizia mashua.

Katika Shule ya Msingi Kochola, nje kidogo ya Katito, waraka ulisomwa na hedimasta mwenyewe, Bwana Odindo, mtu mnene, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na chaki mkononi. Aliusoma mbele ya walimu wake wote, akaukunja, akavua miwani.

"Mmesikia," alisema. "Mimi sina mwalimu dhaifu hapa. Lakini wanataka mmoja. Sasa tutafanya aje?"

Mwalimu Waliaula wa darasa la tano, ambaye saa kama hiyo huwa sokoni akinywa chai, alisimama ghafla akaomba ruhusa akaangalie watoto wake. Wenzake wakamtazama kwa chuki, maana wazo hilo lilikuwa zuri na yeye ndiye aliyewahi.

Fomu ya kumpima mwalimu ilikuwa na sehemu tano, kila moja alama ishirini: Maandalizi, Ufundishaji, Nidhamu, Unadhifu na Ushirikiano. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha kuandika neno tu, kilichoitwa Daraja la Jumla. Mtu aliyesoma hesabu angedhani unajaza alama kule juu, unajumlisha, kisha unashuka kwenye kisanduku. Bwana Odindo alikuwa na njia yake. Alianza na kisanduku. Akishapata neno la kuandika, alipanda juu taratibu akigawa alama mpaka zilingane nalo. Alisema njia hii haina makosa ya kujumlisha.

Mwaka huu tu ndio kulikuwa na usumbufu mmoja. Mkaguzi wa mkoa angekuja kukaa darasani na mwalimu ambaye hedimasta anamshuku, aone mwenyewe anavyofundisha, kisha aandike lile neno kwa mkono wake. Kwa hiyo kazi iliyobaki kwa Bwana Odindo ilikuwa kushuku.

Aliwashuku wote kwa zamu, na shule ikapendeza. Walimu walifika kabla ya watoto. Viatu vilipakwa rangi. Shamba la mahindi la hedimasta lilipaliliwa likapaliliwa tena, mpaka mahindi yenyewe yakawa hatarini.

*

Mwalimu Absalom Nyawanda wa darasa la nane hakupalilia. Hakuwa mtu wa kiburi. Ni vile tu kila jioni alikuwa na watoto, na Jumamosi vilevile. Hata siku Bwana Odindo alipomzika shangazi yake, Jumamosi, shule nzima ilikwenda kula na kulia, na Absalom akabaki darasani akifundisha sehemu za ua. Watu wa huku husamehe mambo mengi, lakini si mazishi.

"Baba Awuor," mkewe Perez alimwambia siku moja baada ya shule, "wewe unajua ni nani ataandikwa?"

"Hawawezi kuniandika mimi. Darasa langu lilikuwa la kwanza huku kote."

"Darasa lako ndilo litakula na Odindo? Wenzako wanapeleka samaki. Wewe unapeleka nini? Sehemu za ua?"

Absalom alicheka. Perez hakucheka. Alikuwa ameinamia cherehani yake, anashona sare ya mtoto wa mtu. Kibanda chake kule sokoni Katito ndicho kilicholisha nyumba hii mshahara ulipochelewa, na ulichelewa mara nyingi kuliko ulivyofika. Kibanda hakipandi mashua. Halafu kulikuwa na Awuor, binti yao wa kwanza, ambaye alikuwa katika darasa hilohilo la baba yake na angefanya mtihani Novemba. Kumhamisha mtoto sasa ni kumwambia aanze upya mahali ambapo hata mwalimu hafiki kila siku.

"Mimi siendi kisiwani," Perez alisema. "Nakwambia mapema. Siendi."

"Hakuna anayekwenda. Mkaguzi akija, nitafundisha. Basi. Atajionea."

Maskini, aliamini hivyo kabisa. Kuna watu huzaliwa na imani ya namna hiyo, na wengi wao huwa walimu.

*

Kwa kuwa mumewe hakutaka, Perez alikwenda mwenyewe. Alinunua ngege kutoka kwa mama mmoja wa sokoni anayemwamini, wabichi, macho bado yanang'aa, akawafunga kwenye karatasi akawapeleka kwa hedimasta.

"Mama Awuor! Karibu, pitia huku nyuma," alisema mke wa hedimasta, Mama Lornah. "Mbele nimepiga deki."

Sakafu ya mbele ilikuwa kavu kabisa. Perez alipita nyuma. Jikoni alikuta karai, na ndani ya karai mbuta mkubwa ambaye mkia wake ulining'inia nje.

"Huyu ameletwa na mke wa Waliaula. Ona ukubwa! Hata sijui nitampaa aje peke yangu."

Alisema hivyo akakaa. Kisu kilikuwa juu ya karai. Perez alikitazama, akamtazama Mama Lornah, ambaye alikuwa akiangalia kucha zake. Kisha akaweka furushi lake chini, akakunja mikono ya gauni, akaanza kumpaa samaki wa mwanamke mwingine. Magamba yalimrukia usoni na nywelani.

Alipomaliza, Mama Lornah alifungua karatasi kidogo kwa ncha ya kidole.

"Ai. Ngege. Siku hizi wamekuwa wadogo, sivyo?"

Kila mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hili anajua kwamba ngege ndiye samaki wa mgeni wa heshima, na mbuta ni wa kupelekwa viwandani. Lakini majuma yale Kochola samaki walikuwa wanapimwa kwa urefu. Perez alishukuru, sijui alishukuru nini, akarudi nyumbani akanawa uso mara mbili, na hasira haikutoka.

Juma lililofuata Bwana Odindo alimwita Absalom ofisini akamwambia kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi, na atakaa katika darasa la nane.

"Nimekuchagua wewe kwa sababu wewe ndiye mwalimu wetu," alisema, na hakuona aibu. "Na chakula cha mchana atakula kwako. Hapa ofisini meza imevunjika mguu."

*

Mkaguzi aliitwa Bi Wakoli. Alishuka kwenye Land Rover ya serikali amevaa miwani, suti ya kijani na viatu vya kisigino kifupi, akatembea juu ya mawe ya Kochola bila kuyumba. Alizungumza Kiswahili safi cha ofisini. Jina lake lilikuwa la watu wa Bungoma, kwa hiyo kila mtu alimchukua kuwa mtu wa Bungoma, na hakuna aliyeuliza zaidi. Alikuwa akikaa Milimani, katika nyumba ya serikali yenye mlinzi na maua, na walimu walimwogopa kwa ajili ya hayo maua.

Alimpa Absalom mkono. Absalom akaushika kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa furaha. Kumbukeni huo mkono.

Somo lilikuwa sayansi: moyo na damu. Nasema kweli, hakuna kipindi kama kile kilichowahi kufundishwa Kochola. Absalom alikuwa amechora moyo kwenye gunia, vyumba vyake vyote vinne, mishipa kwa chaki nyekundu na ya bluu. Hakukaa hata kidogo. Alizunguka darasa lote, akauliza, akatania, akamfanya hata Ochola wa nyuma, ambaye hulala, ataje mshipa.

"Sasa, watoto, huu wa gunia umekufa. Tunataka moyo ulio hai. Madam, samahani, unaweza kutusaidia?"

Bi Wakoli alishangaa, kisha akatabasamu, akaja mbele. Absalom alimkunja mkono wa suti, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Kila mpigo uliposukuma, aliinua kichwa, na darasa zima likahesabu kwa sauti moyo wa mkaguzi wa mkoa.

"Sabini na sita!" watoto walipiga kelele dakika ilipokwisha.

"Huo ni moyo uliotulia. Moyo unapiga mbio kwa mambo mawili. La kwanza ni nini?"

"Ukikimbia!"

"La pili?"

Awuor akainua mkono. "Ukiogopa, mwalimu."

"Vizuri sana. Mtu amekaa tu, hakukimbia, na moyo unakimbia. Huyo anaogopa kitu."

Kisha ili waone tofauti, Absalom alilala sakafuni, chali, mikono kifuani, akamwomba Bi Wakoli amshike yeye kifundo ahesabu. Bi Wakoli akapiga magoti na suti yake ya kijani, akahesabu. Absalom akaruka, akakimbia pale pale aliposimama mpaka shati likatoka kwenye suruali na tumbo likaonekana, akampa mkono tena. Madam alikuwa anacheka mpaka machozi. Watoto walikuwa wamepanda madawati. Hata Bwana Odindo, aliyechungulia dirishani, alijisahau akahesabu.

Kengele ilipolia, Bi Wakoli aliandika "19" kwenye daftari lake dogo, chini ya Ufundishaji, na akamwambia hedimasta huku akijifuta macho, "Huyu ndiye mnamshuku? Mimi nimekagua mkoa mzima, sijaona hivi."

Wakati wa mapumziko Awuor alikimbia nyumbani, akamkuta mama yake anapuliza moto. "Mama! Amepewa kumi na tisa! Leta mkono nikuonyeshe." Akamshika kifundo, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, akahesabu naye, akamweleza yale mambo mawili yanayoukimbiza moyo. Perez alikuwa na moshi machoni, au labda haukuwa moshi. Alichinja kuku wa pili, ambaye hakuwa kwenye mpango.

*

Mezani walikuwa watatu: Bi Wakoli, Bwana Odindo na Absalom, ambaye alikaa akimtazama mgeni ana kwa ana na kumsukumia vipande vizuri. Mazungumzo yalikuwa matamu. Perez aliingia na maji ya kunawa, akapiga goti kidogo, akamwagia mgeni mikononi. Bi Wakoli akainua macho, akamtazama usoni. Maji yakajaa beseni na yeye bado anatazama.

"In nyar kanye?" aliuliza. Wewe ni binti wa wapi? Aliuliza kwa Kijaluo, Kijaluo cha ndani kabisa, na Bwana Odindo akaacha kutafuna.

"Mimi ni nyar Seme," Perez alijibu.

"Seme kwa nani?"

"Mama yangu alikuwa Damar. Alishakufa."

Bi Wakoli akashika meza. "Damar wa fundi wa baiskeli? Mimi ni Dorca. Dada yake. Dorca mdogo!"

"Mama!" alilia Perez, na beseni likaanguka.

Dorca alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao. Aliondoka Seme wakati Perez alikuwa bado msichana mdogo, akaolewa na Wakoli bila kuomba mtu ruhusa, na wazee wakakataza jina lake lisitajwe. Hakuwepo mahari ya Perez ilipopelekwa. Sasa walikumbatiana, wakalia, wakamtaja marehemu, na ingekuwa siku nzuri kuliko zote katika nyumba hiyo, kama si kwamba Absalom alikuwa palepale mezani na paja la kuku mdomoni.

Asiyejua mambo ya huku na aelezwe. Dada wa mama ni mama. Na mama wa mke wako ni maro. Maro humshiki mkono. Huli naye meza moja. Humkazii macho, hulali mahali anapokuona, na hata njiani ukimwona unachepuka kichakani apite. Absalom tangu asubuhi alikuwa amemshika mkono, amemkunja nguo, amelala chali mbele yake, amemwonyesha tumbo, na sasa alikuwa amemwekea kidari kwenye sahani kwa vidole vyake.

Aliinuka. Mlango ulikuwa nyuma ya kiti cha maro, kwa hiyo hakuweza kuutumia. Mwalimu wa darasa la nane, baba wa watoto watatu, alitoka kwa dirisha. Kiatu kimoja kilibaki ndani.

Bi Wakoli alijifunika uso kwa kitambaa. "Yawa," alisema ndani ya kitambaa. "Yawa, yawa. Alinishika mkono mbele ya watoto."

Bwana Odindo alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akavuta karibu bakuli la kuku.

*

Ingekuwa rahisi, wewe unayesoma unasema. Si aseme huyu ni mkwe wangu, aje mkaguzi mwingine? Perez naye alisema hivyohivyo, palepale.

"Mwingine ni Wakhisi, na lazima nimwandikie sababu," Bi Wakoli alijibu. Walikuwa wamehamia ofisini kwa hedimasta, na Absalom alikuwa nyuma ya jiko lake, hataki kutoka. "Nikiandika ni mkwe wangu, watauliza nilijua lini. Baada ya kipindi? Na kipindi kilikuwaje? Ripoti inasomwa na ofisi nzima, nyathina, mwanangu. Nusu yao ni Wajaluo. Nitatembea wapi Kisumu?"

"Lakini alifundisha vizuri. Wewe mwenyewe umesema."

"Kile kipindi hakikuwapo," alisema Bi Wakoli, na akaichana ile karatasi ya daftari yenye 19, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni.

Bwana Odindo akakohoa. Alisema, kwa upole wake, kwamba Madam amesafiri mbali na hawezi kurudi mikono mitupu. Kwamba darasa la nane lina kipindi cha hesabu mchana. Kwamba safari hii kila mtu anajua nani ni nani, kwa hiyo heshima itatunzwa.

Na ilitunzwa. Kiti cha Bi Wakoli kiliwekwa nje ya mlango wa darasa, kikitazama uwanja wa mpira, ili asimwone mkwe wake; ya ndani alisimuliwa na Bwana Odindo, aliyechungulia dirishani. Absalom aliingia akiwa ameinamisha kichwa, akageukia ubao, na kwa kipindi kizima hakuugeuza uso. Sauti yake haikufika dawati la pili. Alitakiwa kufundisha asilimia. Aliandika swali, akalijibu mwenyewe, akalifuta, akaandika lingine. Mara mbili Bi Wakoli alikohoa kule nje, na mara zote mbili chaki ilivunjika.

"Mwalimu ni mgonjwa?" aliuliza Ochola.

Awuor alikuwa ameweka kichwa juu ya dawati. Alikuwa ameshaambiwa kwamba yule mgeni ni bibi yake, na alishindwa kuelewa kwa nini kupata bibi kunaumiza hivi.

*

Fomu ilisainiwa jioni, jua likiwa bado lipo. Kanuni inasema mkaguzi na mwalimu wakae pamoja wazungumzie alama. Kwa kuwa hawa hawawezi kukaa pamoja, Perez ndiye aliyekuwa anatembea, kutoka ofisini mpaka nyuma ya jiko na kurudi, akibeba maneno.

"Anasema mwandiko wako ni mzuri," alimwambia mumewe.

"Mwambie ahsante."

Perez akaenda, akarudi. "Anasema hukutazama darasa."

"Ni kweli. Sikutazama."

"Anasema sauti iko chini. Huulizi maswali. Hujiamini. Amekupa saba."

"Ni haki yake. Ndivyo ilivyokuwa."

Perez akaenda tena. Safari hii alikaa kidogo. Kule ofisini Bi Wakoli alikuwa amefika kwenye kisanduku, na kalamu ilikuwa imesimama. Msione kwamba hakuwa na moyo. Lakini naye alikuwa na fomu yake, mezani kwa mkubwa wake Kisumu, yenye kisanduku chake. Mwaka jana aliandikwa "Wastani", kwa sababu mkoa mzima haukutoa hata Dhaifu mmoja. Nyumba ya Milimani si yake. Ni ya anayeshika kile cheo.

"Ukimwandikia Wastani," Bwana Odindo alisema polepole, akitazama dari, "na siku moja wakijua ni mkwe wako, watasema ulimbeba. Ukimwandikia lile lingine, hakuna atakayesema kitu. Watasema huyu mama ni wa haki."

Bi Wakoli akaandika lile lingine.

Perez aliibeba fomu nyuma ya jiko. Alikuwa ameisoma njiani. Absalom alikuwa amekaa juu ya kinu, mguu mmoja hauna kiatu.

"Usisaini," Perez alisema. "Njoo twende pale ofisini useme. Watoto wote waliona. Sema, asubuhi nilifundisha, nikapata kumi na tisa."

"Asubuhi isitajwe, Perez. Tafadhali."

"Asubuhi ndiyo kazi yako!"

"Watasema nililala chali mbele ya maro."

"Na usiposema, watasema umepelekwa kisiwani kwa sababu hujui kufundisha!"

"Hiyo wataisema mwaka mmoja, miwili," alisema Absalom. "Hii nyingine wataisema mpaka nizikwe. Na siku ya kuzikwa wataisema tena." Akanyoosha mkono kuomba kalamu.

Perez alimpa. Alimpenda mtu huyu, na wakati ule alitamani kumpiga na mchi. Kibanda chake, Novemba ya Awuor, samaki aliyempaa kwa Mama Lornah, vyote vilipita chini ya kalamu ile, na mumewe akasaini kwa mwandiko mzuri sana, ule uliosifiwa.

Kule ofisini Bwana Odindo alikuwa ameshaanza fomu za walimu wengine. Alijaza visanduku vyote saba kwa neno moja, "Bora Sana", kisha akaanza kupanda juu. Nje ya dirisha Mwalimu Waliaula alipita akiimba. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia akiimba.

Land Rover ilikuwa imewashwa. Perez aliipeleka fomu mpaka mlangoni mwa gari, na Bi Wakoli akaipokea bila kuitazama, akaiweka chini ya mkoba. Alikuwa amevua miwani.

"Nyathina," alisema, "msije mkanichukia. Mambo ya kazi ni mambo ya kazi. Mkishafika kule na kutulia, uje Milimani unitembelee. Uje na wajukuu wangu." Akafungua mkoba, akatoa noti, akaikunja vizuri, akanyoosha mkono nje ya dirisha. "Hii ni ya sukari."

Perez hakuichukua noti. Alimshika mama yake mdogo kifundo cha mkono, kwa vidole viwili, mahali palepale Awuor alipomwonyesha, na akabonyeza. Yeye alikuwa binti; hakuna desturi iliyomzuia. Bi Wakoli alijaribu kuvuta mkono mara moja, kisha akauacha. Dereva alitazama mbele. Perez alikuwa akiinua kichwa kidogo kwa kila mpigo, midomo ikihesabu.

Alipotosheka alimrudishia mkono wake, na noti ikiwa bado ndani.

"Mwalimu alisema moyo hupiga mbio kwa mambo mawili," alisema. "Wako unapiga mbio, Mama. Na wewe umekaa tu."